Msimu Usiokuwa na Wageni

Karibu kila kitabu kinachosimulia historia ya pwani ya Afrika Mashariki hufunguliwa na upepo wa kaskazi. Mwezi wa Novemba au Desemba upepo unageuka, vyombo vya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi vinatweka matanga, na ikifika Januari na Februari bandari za Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa zimejaa milingoti. Tende, nguo, vyungu na shanga vinashushwa. Pembe za ndovu, dhahabu, ambari na boriti vinapakiwa. Aprili upepo unageuka tena, wageni wanarudi kwao na kusi, na hapo msimulizi naye anafunga daftari lake mpaka kaskazi ya mwaka unaofuata. Masimulizi hayo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba yanachukua nusu ya mwaka na kuiita mwaka mzima, kisha yanamwachia msomaji picha ya kijiji kilichokaa tangu Mei hadi Septemba kikitazama upeo wa bahari, hakina kazi ila kungoja. Mimi nadai kinyume chake. Katika miezi ya masika kukatika na kipupwe kuingia ndipo watu wa pwani walipotengeneza vile vilivyowawezesha kuishi pwani, yaani chakula, nyumba, kamba na vyombo. Nasi tumeshindwa kuliona hilo kwa sababu mashahidi tuliowategemea karibu wote walikuja na upepo mmoja wakaondoka na mwingine.

Kipupwe ni baridi ya nchi isiyojua theluji, na mtu wa Ulaya ataicheka. Usiku wa Julai kisiwani Unguja joto hushuka hadi nyuzi 20 na kitu, basi. Wazee hujifunika shuka mbili, watoto huchelewa kutoka nje. Lakini kwa mvuvi mabadiliko si madogo. Maji ya bahari yaliyokuwa na joto la nyuzi 29 au 30 mwezi wa Machi hushuka hadi takriban 25. Kusi huvuma siku nyingi mfululizo, kali kuliko kaskazi, na mkondo wa pwani, ambao mwaka mzima huelekea kaskazini, hupata nguvu mpya ukisukumwa na upepo kutoka nyuma. Kwa vijiji vilivyotazama mashariki na kusini, kama Makunduchi, Jambiani na Paje, maana yake ni kwamba nje ya mwamba hakuendeki siku nyingi. Ngalawa hubaki ndani, madema hutegwa karibu, wanawake hutanda samaki wadogo kwa nguo na kuchokoa pweza maji yakitoka sana wakati wa bamvua, na wavuvi wenye uwezo huhama kwenda dago upande uliokingwa na upepo. Ng'ambo mambo yalikuwa magumu zaidi. Pwani ya Hadhramaut na Dhofar, na ile ya magharibi ya Bara Hindi, hupigwa na kusi ya Juni hadi Agosti kwa nguvu kiasi cha bandari kufungwa kabisa. Nahodha aliyekuwa Kilwa au Mombasa alikuwa na nafasi mbili tu za kurudi kwao: kuondoka Aprili na Mei kusi ikiwa changa, au kungoja Agosti na Septemba ikiwa imekwisha makali. Kati ya nafasi hizo mbili bahari ilifungwa, na kijiji kikabaki na wenyewe.

Tumwangalie kwanza shahidi anayetajwa kuliko wote. Ibn Battuta aliteremka kutoka Aden takriban mwaka 1331, akapitia Zeila, Mogadishu na Mombasa hadi Kilwa, kisha akarejea Dhofar upepo ulipogeuka. Mogadishu anaeleza kwa raha chakula alichoandaliwa: wali kwa samli, vitoweo vya namna kwa namna, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari. Mombasa, alikolala usiku mmoja tu, anasema watu wake hawalimi nafaka, wanaishi kwa ndizi na samaki, na nafaka yao huletwa kutoka Sawahili. Kilwa anausifu mji na uchaji wa watu wake, na anasimulia ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ni maelezo ya thamani kubwa, na sina haja ya kuyashusha. Ila kila anachokiona ni cha msimu wa kupokea wageni, naye mwenyewe ni mgeni. Ukarimu alioushuhudia ulikuwa ukarimu wa miezi ambayo ukarimu ulikuwa kazi ya mji. Wali uliowekwa mbele yake haulizi ulivunwa lini, wala nafaka iliyoletwa Mombasa hasemi ilipurwa na nani na kuhifadhiwa vipi. Usiku mmoja hautoshi kuuliza.

Na hilo swali la nafaka ndilo linalobeba hoja yote. Mtama na mpunga uliopandwa kwa mvua za masika huiva kuanzia Juni na kuendelea, kipupwe kikiwa kimekaa. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, ni ya jua kali na ardhi kavu. Shambani hakuna kikubwa cha kuvuna, ghalani kuna kile kilichobaki. Sasa fikiria bandari inayopokea mabaharia na wafanyabiashara kwa mamia, wakakaa miezi 3 au 4 wakingoja upepo ugeuke, wakila kila siku, kisha wakihitaji akiba ya safari ya kurudi. Watu hao walilishwa na mavuno ya kipupwe. Hakukuwa na msimu wa wageni bila kwanza kuwa na msimu usiokuwa na wageni, na kijiji cha shamba kilichokuwa mwendo wa siku moja kutoka mjini, kisichotajwa na msafiri yeyote, kilikuwa sehemu ya biashara ya Bahari ya Hindi sawa na ghala la mfanyabiashara wa pembe. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Kusini mwa Unguja ardhi ni ya maweni. Mkulima hupanda kwenye mifuko ya udongo iliyo baina ya mawe, na mtama ukianza kushika mbegu mtu hukaa kutwa kuamia ndege na kufukuza nguruwe na kima. Kijiji kilichoonekana kimya kutoka baharini kilikuwa kimehamia shambani.

Wapo, hata hivyo, wageni waliofika wakati ambao hakuna aliyewatarajia, na hao wanatupa ushahidi wa namna nyingine. Vasco da Gama alipofika Malindi mara ya kwanza Aprili 1498 aliangukia katika kalenda ya kawaida: akakuta vyombo vya Bara Hindi, akapewa rubani, akaondoka kusi ikianza, na Mei alikuwa Calicut. Lakini baada ya hapo Wareno walishika ratiba yao wenyewe. Meli ziliondoka Lisbon majira ya Machi, zikazunguka rasi ya kusini mwa Afrika, zikapanda na kusi hadi pwani yetu katikati ya mwaka. Cabral alikuwa Kilwa Julai 1500. Da Gama alirudi Julai 1502 akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi. Almeida alifika Julai 1505, akauteka mji na kuupora, na Agosti akauchoma moto mji wa Mombasa. Mara tatu katika miaka 5, kwa Kilwa, na mara zote ni Julai. Sisemi kwamba Kilwa ilishindwa kwa sababu ya tarehe. Mizinga ni mizinga mwezi wowote, na ugomvi wa kiti cha usultani ulikuwa umeshaudhoofisha mji kabla ya hapo. Nasema kwamba kwa karne nyingi mji ule ulijua adui na rafiki wa baharini wangekuja miezi ipi na kutokea upande upi, na sasa walitokea watu waliokuja kutoka kusini, katika miezi ambayo vyombo vimepandishwa pwani na watu wapo mashambani. Wanahistoria wameandika mengi juu ya bunduki za Wareno na machache mno juu ya kalenda yao.

Msafara huo wa 1505 ndio uliotuachia maelezo, yanayohusishwa na Mjerumani Hans Mayr, ambayo kwa maoni yangu ni mojawapo ya picha chache za zamani za pwani wakati wa kipupwe. Tofauti yake na Ibn Battuta inaonekana mara moja. Humu mna visima na bustani, minazi, mtama, asali, mifugo. Na mna vyombo: vikubwa, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, vimelazwa nchi kavu. Mwandishi anasema vyombo hivyo vikubwa hukaa pwani daima na kuburutwa majini watu wanapotaka kusafiri. Neno hilo la daima ni la mtu aliyekuwapo Julai. Angefika Januari asingeviona mahali hapo, au angeviona vichache, na huenda angeandika kwamba Waswahili daima wako baharini, kama walivyoandika wengine. Shahidi mmoja anatuonyesha watu wa mkeka wa wageni, mwingine anatuonyesha watu wa mashamba na vyombo vilivyolala, na wote wawili wanaeleza watu walewale kwa miezi tofauti.

Chombo kilicholala nchi kavu hakikuwa kimelala. Chombo cha kushonwa, na mtepe ndio ulioishi hadi mwanzoni mwa karne ya 20 katika visiwa vya Lamu, kinadai matengenezo kuliko cha misumari: kamba huoza, mishono hulegea, matundu huvuja, na yote hayo hufanyiwa kazi kikiwa juu, kikikauka. Hata vyombo vilivyokuja baadaye vilihitaji kukwanguliwa, kuunguzwa chini kwa makuti ili kuua mdudu atoboaye mbao, kutiwa kalafati, kupakwa sifa ya papa na deheni ya mafuta na chokaa. Kamba nayo haipatikani kwa kuitaka. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mchanga unaofikiwa na maji ya kujaa, yakaachwa miezi mpaka nyama yake ioze, yakafukuliwa, yakapondwa kwa magongo, usumba ukachambuliwa, ukakaushwa, ndipo ukasokotwa. Ni kazi ya wanawake katika vijiji vingi vya Unguja hadi leo, nayo haina msimu mmoja. Naitaja kwa sababu ya mwendo wake. Kazi inayoanza miezi kadhaa kabla ya kuonekana faida yake haifanywi na watu wanaoishi kwa kungoja. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kinachoeleza safari za Bahari ya Shamu na pwani ya Azania kinataja vyombo vya kushonwa katika kisiwa kilichoitwa Menouthias, ambacho wengine husema ni Pemba, wengine Unguja au Mafia, na kinataja pia watu wake kuvua kwa vikapu vilivyosukwa na kuwekwa kwenye mikondo ya maji badala ya nyavu. Yule Mgiriki aliona ajabu. Mvuvi wa dema au wando hataona ajabu yoyote isipokuwa kwamba imechukua kurasa chache hivyo kueleza ufundi wa miaka elfu 2.

Chokaa nacho kinastahili kutajwa, maana nyumba za mawe ndizo zinazopigwa picha. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi ina maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, na kila ukuta wa Kilwa, Gedi au Songo Mnara umeshikwa kwa chokaa. Chokaa huchomwa juu ya rundo la magogo, na magogo ya masika hayawaki. Hukatwa, hukauka, hupangwa, hufunikwa kwa matumbawe, huwashwa, na chokaa chenyewe huachwa kikae muda mrefu kabla ya kupakwa. Mgeni wa Januari aliona ukuta mweupe. Moshi wake ulikuwa umeshatawanyika zamani. Wala tusiifanye picha hii kuwa tamu kupita kiasi: katika karne ya 18 na 19 sehemu kubwa ya kukata kuni, kuchoma chokaa na kulima mashamba ya matajiri ilifanywa na watumwa, na utulivu wa msimu ulikuwa utulivu wa mtu anayetazama wengine wakifanya kazi. Historia ya miezi ya kipupwe ni pia historia ya watu ambao hawakupata kuitwa watu wa mji.

Wachimbaji wa mabaki ya kale wamefika karibu na hoja hii kwa njia yao. Kwa muda mrefu walichimba misikiti, makaburi na majumba, wakahesabu vipande vya vyungu vya China na Uajemi, na kupima umuhimu wa mji kwa wingi wa vipande hivyo. Katika miongo ya karibuni kazi kama zile za Adria LaViolette, Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones huko Pemba na Songo Mnara zimegeukia nyumba za udongo na makuti, viwanja vilivyo wazi, na mashimo ya taka. Sarah Walshaw, aliyechunguza mbegu zilizoungua katika maeneo ya Pemba, alionyesha kwamba watu wa awali walitegemea zaidi uwele, na kwamba mpunga ulichukua nafasi kubwa kuanzia karibu na karne ya 11. Mifupa ya samaki nayo imewafanya watafiti hao waulize ni lini hasa Waswahili walikuwa watu wa bahari kuu, maana katika milenia ya kwanza samaki wao wengi walikuwa wa karibu, wa ndani ya mwamba, na wa maji ya mbali waliongezeka baadaye. Ukiyaweka pamoja, unapata kijiji kilichoanza kama kijiji cha wakulima na wavuvi wa maji mafupi, kikajifunza bahari kuu juu ya msingi huo. Ule uvuvi wa ndani ya mwamba tunaouona leo kama kujibanza kwa ajili ya upepo ndio ulikuwa uvuvi wa asili.

Atatokea mtu aseme: haya yote ni kweli, lakini kila kijiji duniani hulima na kusuka kamba. Kilichoitofautisha pwani hii na vijiji vya bara ni vyombo vya kaskazi. Bila hivyo pasingekuwa na Kilwa, ni mashamba ya mtama tu. Pingamizo hilo ni zito na nusu yake naikubali. Mali iliyojenga jumba la Husuni Kubwa huko Kilwa haikutoka katika mtama. Dhahabu ya Sofala ililipia, na Kilwa ilinyauka dhahabu hiyo ilipopotea. Lakini pingamizo linachanganya kilichomtajirisha sultani na kilichowaweka watu mahali pao. Kilwa ilipoporwa na utajiri wake kukatika, vijiji vilivyoizunguka havikuhama. Wareno wenyewe waliiacha ngome yao ya Kilwa mwaka 1512. Makunduchi na Kizimkazi hazikuwahi kuwa na dhahabu ya mtu yeyote, na zipo. Kama biashara ya kaskazi ndiyo iliyoiumba pwani, ingepasa kudhoofika kwake kuifute pwani, na jambo hilo halikutokea hata mara moja katika miaka elfu. Pengine ni sawa kusema biashara iliipa pwani fahari yake, na kipupwe kiliipa uwezo wa kuvumilia kukosa fahari.

Mwingine ataniunga mkono kwa hoja ambayo lazima niikatae. Atasema: ushahidi mkubwa kwamba kipupwe ni moyo wa mwaka wa pwani ni Mwaka Kogwa. Kila mwaka, katikati au mwishoni mwa Julai, watu wa Makunduchi huoga mwaka: wanaume wa upande mmoja wa mji hupigana na wa upande mwingine kwa magogo ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto na moshi wake hutazamwa unaelekea wapi, kisha watu hula na kumkaribisha yeyote aliyepo. Mwaka mpya katikati ya kipupwe, mavuno yakiwa yameingia. Ushahidi gani tena? Tatizo ni hesabu. Mwaka huo, unaoitwa pia Nairuzi, una siku 365 zilizogawanywa katika miongo 36 ya siku 10 na siku 5 za nyongeza, na hauongezi siku kila mwaka wa 4. Kwa hiyo hurudi nyuma siku 1 kila miaka 4, karibu siku 25 kwa karne. Ahmad ibn Majid, rubani wa Kiarabu aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu na mwaka 1490, alihesabu siku za kusafiri kuanzia Nairuzi, na wakati wake Nairuzi iliangukia Novemba, kaskazi ikikaribia. Mwaka mpya umefika kipupwe kwa kutembea kinyumenyume, na usiposhikwa mahali pake utaendelea kutembea. Anayetumia Mwaka Kogwa kuthibitisha utukufu wa Julai anatumia ajali ya kalenda.

Lakini ajali hiyo ina jambo ndani yake. Kalenda ya Hijria, iliyoongoza swala, saumu na ndoa, huzunguka misimu yote kwa miaka 33 hivi, kwa hiyo haiwezi kumwambia mkulima siku ya kupanda wala baharia siku ya kung'oa nanga. Wote wawili walihitaji hesabu ya jua, na wote wawili walitumia hesabu ileile ya miongo: nahodha wa Uarabuni baharini, mzee wa Makunduchi shambani. Na kwa kuwa hesabu ilisogea, mwongo uliofaa kwa kupanda zama za babu haukufaa zama za mjukuu. Ilibidi mtu akae, atazame mvua, upepo na nyota, aurekebishe. Hilo silisomi katika hati yoyote, nalikisia kutokana na hesabu yenyewe, lakini sioni njia nyingine ambayo kalenda inayokosea siku 25 kwa karne ingeendelea kuheshimiwa na wakulima. Watu waliokuwa wakiisahihisha ni watu waliokaa mahali pamoja mwaka mzima.

Pingamizo la mwisho ni la njia ya utafiti, nalo linaniuma zaidi. Mengi tunayoyajua juu ya usumba, dema, dago na kuamia ndege yanatokana na maelezo ya karne ya 19 na 20. Kuyarudisha hadi karne ya 14 ni kudhani kwamba kijiji hakibadiliki, na dhana hiyo imewahi kutumiwa kuwadharau watu wa vijijini kama mabaki ya kale. Ni onyo la haki. Ndiyo maana nimetaka kila dai liwe na mguu katika ushahidi wa wakati wake: vikapu vya Menouthias, vyombo vya Kilwa vilivyopandishwa pwani, mpunga wa Pemba, mifupa ya samaki. Wala bahari haikufungwa kwa wote. Maelezo yaleyale ya 1505 yanataja meli 3 za Cambay zilizokutwa Mombasa Agosti, na hazikusalimika na shambulio. Hao walikuwa watu waliobaki, ama kwa kukosa nafasi ya Aprili, ama kwa kupenda. Mgeni aliyebaki kusi nzima alikula mavuno mapya, alishiriki mazishi na arusi, na mara nyingi alioa. Biashara iliweza kufanywa na wageni wa kaskazi. Undugu ulifanywa na waliobaki. Kama pwani hii ilikuwa na watu wenye babu wa Shiraz au Hadhramaut na bibi wa hapahapa, jamaa hizo zilikomaa bandari ikiwa tupu.

Mwaka uliogawanyika hivyo ulikwisha mjini kabla ya kwisha vijijini. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kupeleka barua na mizigo kati ya Aden na Unguja bila kuuliza upepo. Mwaka huohuo, tarehe 15 Aprili, kimbunga kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Karafuu ilikuwa tayari imebadilisha maana ya kipupwe, kwa kuwa mavuno yake makubwa huanza Julai: miezi iliyokuwa ya shamba la nyumbani ikawa miezi ya shamba la mwenye mikarafuu, kwanza kwa mikono ya watumwa, na baada ya utumwa kupigwa marufuku kisheria mwaka 1897, kwa vibarua waliotoka pia vijiji vya mashariki na kusini mwa kisiwa. Kijiji kilikuwa bado kimya mwezi wa Agosti, lakini sasa kwa sababu watu wake walikuwa wamekwenda kuchuma karafuu za wengine.

Na leo mambo yamegeuka juu chini. Likizo za Ulaya ni Julai na Agosti, kwa hiyo kipupwe ndicho msimu wa wageni. Paje upepo wa kusi uliofungia ngalawa ndani ya mwamba unauzwa kwa vijana wanaoburutwa majini na tiara. Baina yao na mwamba wanawake wamefunga kamba za mwani, kilimo kilichoanza hapo mwaka 1989. Mwaka Kogwa una jukwaa, viongozi na wapiga picha. Hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga Aprili na Mei, mvua zikinyesha. Mashahidi wapya wanaendelea kuandika, sasa kwa simu, kwamba pwani ni mahali pa upepo wa baridi na anga safi, na wamo katika kosa lile la Ibn Battuta, wamehama tu miezi. Masika, ambayo ndiyo hupanda kile kinacholiwa kipupwe, imebaki bila mwandishi.